Kuvuka jangwa la Chalbi hadi Loiyangalani: mwongozo kamili kwa anayeendesha mwenyewe

Kila kiangazi hutumiwa picha ileile. Gari limeinuliwa kwa jeki katikati ya mawe meusi, matairi mawili yamechanika ubavuni, na watu wanne wamejibanza kwenye kivuli cha mlango. Chini yake maelezo hayabadiliki: "Chalbi tulivuka vizuri kabisa, hatujui hapa ilikuwaje."

Ilivyokuwa ni hivi. Walipunguza upepo wa matairi ili wapite mchangani, jambo ambalo ni sahihi, kisha wakaingia kwenye mawe ya volkano bila kuurudisha. Tairi laini hutambaa juu ya mchanga, lakini juu ya mawe ubavu wake hutokeza nje na kukatwa kama nyanya.

Mwongozo huu ni wa kaskazini mwa Kenya. Unafuata njia ya Nairobi, Isiolo, Marsabit, Kalacha, North Horr na Loiyangalani, mji ulio kando ya Ziwa Turkana, kisha kurudi kupitia Laisamis. Tenga siku nane. Ukiwa na tano, ishia Marsabit na ufurahie, hakuna atakayekucheka.

## Vifaa kwanza

Gari liwe refu kutoka ardhini, lenye 4x4 ya kweli na ile gia ndogo ya kukwamulia. Utakutana na Probox, kigari cha chini cha mjini, huko, tena itakupita. Dereva wake anaijua kila laga, yaani mkondo mkavu wa mto wa msimu, kwa jina na ana ndugu katika kila kijiji. Wewe huna.

Pakia hivi:

- Spea mbili kamili, tairi na rimu yake, za saizi moja na zile zilizo chini ya gari.
- Pampu ya upepo inayofungwa moja kwa moja kwenye betri, pamoja na geji. Zile ndogo za kuchomeka penye kiberiti cha gari huungua kabla hazijamaliza tairi la pili.
- Vifaa vya kuziba pancha.
- Jeki ya haidroli na kipande cha ubao mnene cha kuiwekea chini. Bila ubao, jeki huzama mchangani na gari hubaki palepale.
- Sepetu, vibao viwili vya kukwamulia, na kamba nene ya kuvutia gari.
- Mkanda wa feni, mipira ya radieta, fyuzi, waya wa kufungia, oili lita 5 na seti ya spana.
- Ramani iliyopakuliwa kwenye simu mbili tofauti, na moja ya karatasi.
- Pesa taslimu za noti ndogondogo. M-Pesa hutumika hadi vijijini, ila mtandao ukikatika na noti yako ya elfu moja ikakosa chenji, chai utaitazama tu.
- Chumvi za kurudisha maji mwilini, bendeji na dawa zako za kawaida.
- Kikoi au shuka kwa kila mtu. Ni kilemba, ni pazia la dirisha, na ndicho kitambaa cha kufunika mdomo vumbi linapokuja.

### Hesabu ya maji

Kila mtu ahesabiwe lita 5 za kunywa kwa siku, na lita 2 za kupikia na kunawa. Kutoka Marsabit hadi Loiyangalani ni siku mbili, ongeza mbili za kukwama. Watu wanne mara lita 7 mara siku nne ni lita 112. Beba mitungi sita ya lita 20.

Nasisitiza mitungi sita, si pipa moja. Nilibeba pipa mara moja. Likagongana na jeki usiku kucha, na asubuhi tulikuta zulia limelowa na pipa jepesi kama debe tupu.

### Hesabu ya mafuta

Marsabit hadi Laisamis kwa kuzungukia ziwani, pamoja na kupotea kidogo, iweke kilomita 600. Gari lililopakiwa, likipita mchangani, lihesabu kilomita 6 kwa lita. Hizo ni lita 100. Ongeza robo, zinakuwa 125. Kwa tanki la lita 90 unahitaji mitungi miwili ya chuma ya lita 20, ifungwe nje ya chumba cha abiria.

Mafuta huuzwa North Horr na Loiyangalani pia, kutoka kwenye mapipa. Bei iko juu na usafi ni bahati. Yachukulie kuwa akiba, yasiwe ndiyo mpango wako.

## Wakati wa kwenda

Nenda Januari na Februari, au Juni hadi Septemba. Mvua za masika na za vuli zikianza, Chalbi hubadilika kuwa bakuli la uji. Lilikuwa ziwa zamani, na mvua ikikolea hukumbuka.

## Hatua ya 1: Gereji, wiki moja kabla

Mwambie fundi unakwenda wapi, kwa jina. Aangalie springi, shokapu, bushi, mkanda wa feni na radieta, na asafishe ea klina (chujio la hewa ya injini). Kisha wewe mwenyewe, si fundi, toa gurudumu moja na ulirudishe kwa vifaa vya gari lako. Hapo ndipo watu wengi hugundua kwamba spana ya magurudumu haiingii kwenye nati, au jeki haifiki.

Lipia hifadhi ukiwa bado na mtandao. Hifadhi za taifa zilizo chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hulipiwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Samburu, Buffalo Springs na Shaba zina utaratibu wake, kwa sababu ziko chini ya kaunti.

Mwachie mtu mmoja ratiba iliyoandikwa: tarehe, mji wa kulala, namba ya gari. Mkubaliane saa. "Nisipopiga kufikia saa tatu usiku wa siku ya tano, anza kunitafuta." Mtu huyo awe anayejali, si yule wa kusema "watakuwa wamelala."

## Hatua ya 2: Nairobi hadi Archer's Post

Ni lami tupu, na haina maelezo mengi. Ondoka saa kumi na moja alfajiri ili usikutane na foleni, kula Nanyuki, nunua matunda Isiolo. Ukipita Isiolo nchi inashuka, inakauka, na koti linavuliwa.

Lala karibu na Archer's Post uingie Samburu jioni. Kando ya mto Ewaso Ng'iro utawaona wanyama ambao kusini huwapati kirahisi: choroa, swala twiga aliyesimama kwa miguu miwili akila majani, na punda milia wa Grevy mwenye mistari myembamba na masikio makubwa ya duara.

## Hatua ya 3: Marsabit, mji wa maandalizi

Lami inaendelea kupitia Laisamis hadi Marsabit. Wengi huufanya mji huu kituo cha choo wakasonga mbele. Usifanye hivyo. Marsabit ndiko mahali pa mwisho penye pampu za mafuta za kutegemewa, mafundi wa kila aina na soko lililojaa, na kazi zake zinakula nusu siku.

Ukifika mchana, panda kwanza kwenye Hifadhi ya Taifa ya Marsabit. Ni ajabu yake kwamba juu ya jangwa kuna msitu wa ukungu, na ndani ya msitu ziwa lililojaa kwenye shimo la volkano. Usiku utaomba blanketi. Kesho yake utaomba kivuli.

Kisha, kabla ya kulala:

1. Jaza tanki na mitungi hadi shingoni.
2. Jaza maji. Onja ya kila mtungi kabla ya kuufunga, kwa sababu mtungi uliowahi kubeba mafuta ya taa hausafishiki.
3. Nenda penye malori yanayotoka North Horr, ununulie dereva mmoja chai, umuulize mambo matatu: mvua ilinyesha lini mara ya mwisho, njia gani wanapita wiki hii, na je, kuna utulivu?
4. Pita kituo cha polisi uulize swali hilo la tatu tena. Wakisema subiri, subiri. Wakisema mchukue askari wa kuwasindikiza, mchukueni.

Dereva wa lori usimkatize. Ataanza na habari za mbuzi na bei ya ngamia, na katikati ya hizo ndimo mtakamosikia kwamba daraja fulani limekwenda na maji.

Majibu ya dereva na ya polisi yakilingana, na geji ya mafuta ikisimama juu kabisa, kalale.

## Hatua ya 4: Marsabit hadi Kalacha

Ondoka saa kumi na mbili asubuhi. Kaskazini ya mji utaiacha lami ya Moyale na kukata kushoto kuelekea Maikona. Simama hapohapo njia panda, punguza upepo hadi kama PSI 28 (PSI ndicho kipimo cha upepo unachosoma kwenye geji).

Sababu ni kwamba barabara ya changarawe ina mikunjo midogo kama bati, na tairi gumu kila mkunjo hulipeleka kwenye springi, kwenye bolti na kwenye meno yako. Tairi lililolegea kidogo hunyonya mtikisiko. Mwendo uwe kilomita 40 hadi 50 kwa saa. Kuna watakaokuambia uende 80 "urukeruke juu ya mikunjo." Kweli gari hutulia, mpaka ifike kona au ngamia.

Kila saa moja simama. Gusa matairi kwa kiganja: likiwa na joto kuliko mengine, lina upepo mdogo. Kaza nati za magurudumu. Tazama chini ya gari kama kuna tone jipya.

Maikona ni mji mdogo wa Wagabra pembezoni mwa jangwa. Kunywa chai, salimia watu kabla ya kuuliza chochote, na usitoe kamera kwanza. Kutoka hapo hadi Kalacha unatembea kando ya Chalbi, na mbele yako utaanza kuona maji yanayometameta na miti imeelea. Hayo ni mazigazi. Usikate kona kuyafuata.

Umefaulu ukifika Kalacha kabla ya saa tisa alasiri, ukakuta mikoche na chemchemi, na ngamia wamepanga foleni ya kunywa. Foleni hiyo ina wenyewe. Maji ya visima huku yana zamu, na zamu huheshimiwa kuliko gari lako, omba, usichote.

## Hatua ya 5: Kuvuka Chalbi

Amka mapema, uvuke jua likiwa chini. Vivuli virefu vya asubuhi hukuonyesha mashimo na alama za magari. Saa sita mchana kila kitu kinakuwa cheupe kimoja na huoni kitu.

Punguza upepo hadi PSI 20. Ingiza 4x4 kabla ya kuingia mchangani, usingoje kukwama ndipo uikumbuke. Mwendo uwe mmoja, usukani uwe mwepesi, breki ziguswe kidogo.

Fuata alama za malori. Ile tambarare nyeupe pembeni inavutia, na vijana wengi hutaka kuikimbilia wapige video. Juu ni ganda la chumvi lililokauka, chini yake huenda kuna tope. Ukiwa na shaka shuka utembee hatua thelathini mbele. Ardhi ikipiga sauti kavu chini ya kisigino, pita. Kisigino kikizama na rangi ikigeuka kuwa ya kahawia iliyokoza, rudi nyuma kwa njia uliyojia.

Onyo. Kama mvua imenyesha ndani ya wiki moja iliyopita, usivuke. Rudi kwenye lami uende Loiyangalani kwa njia ya Laisamis. Umepoteza siku moja tu. Gari lililozama hadi kwenye milango huchukua zaidi.

### Ukikwama

Toa mguu kwenye mafuta. Hii ndiyo kanuni ngumu kuliko zote, kwa sababu mwili mzima unakuambia ukanyage. Kila mzunguko wa gurudumu unachimba kaburi lake.

Wote washuke. Chimbeni mbele na nyuma ya kila gurudumu, na mtoe mchanga ulioshika tumbo la gari. Shusha upepo hadi PSI 15. Weka vibao. Kisha toka kinyumenyume, polepole, kwa gia ndogo, kwa sababu nyuma ndiko kwenye ardhi uliyokwisha kuijua. Mtu asisimame karibu na kamba inayovuta: ikikatika hurudi kama mjeledi.

Kama haikutoka baada ya kujaribu mara tatu, pumzikeni kivulini mnywe maji. Msiliache gari kwenda kutafuta msaada kwa miguu. Gari huonekana toka mbali, mtu haonekani.

## Hatua ya 6: North Horr hadi Loiyangalani

Hapa ndipo picha zile hupigwa.

Kutoka Kalacha hadi North Horr ni kama kilomita 60. Ukifika kabla ya saa nne asubuhi unaweza kuendelea, ukichelewa, lala. North Horr ina vilima vya mchanga, maduka, zahanati na watu wa kuongea nao. Kutoka hapo hadi ziwani ni kilomita zisizofika 100, na mtu wa Nairobi huzihesabu saa moja na nusu. Zihesabu saa tano.

Nusu ya kwanza ni mchanga na laga. Laga kavu pita kwa gia ndogo bila kusimama katikati. Ikiwa na maji yanayotembea, zima gari ukae. Mvua iliyonyesha mlimani Kulal hushuka huku wewe ukiwa chini ya anga safi. Na usipige hema ndani ya laga hata kama mchanga wake ni laini kuliko godoro.

Ukishapita kijiji cha Gas, mchanga huanza kupungua na mawe meusi kuongezeka. Weka macho hapo. Ukiona mawe yamefunika njia, simama. Usiseme "nitajaza mbele kidogo." Toa pampu, jaza matairi yote manne:

1. Acha injini iwake ili betri isife.
2. Anza na yale ya nyuma, ndiyo yaliyobeba mzigo.
3. Jaza hadi PSI 32. Usipande sana, kwa maana tairi gumu mno hutobolewa uso badala ya ubavu.
4. Pumzisha pampu dakika tano kila baada ya tairi moja. Jua lenyewe linatosha kuipasha.

Kazi hiyo inachukua karibu dakika arobaini. Abiria watanung'unika. Wape machungwa.

Baada ya hapo nenda mwendo wa mtu anayetembea haraka. Jiwe kubwa lipande kwa uso wa tairi. Ukijaribu kulikwepa kwa nusu, litakwangua ubavu. Penye mashaka mtu mmoja ashuke aongoze kwa mikono. Ubavu ukichanika hauzibwi na fundi yeyote, unabadilisha spea tu. Ukitumia ya pili kabla ya kufika, usisonge tena peke yako: ngoja gari lingine, likufuate.

Kisha njia inapanda, inajikunja, na Ziwa Turkana linafunguka chini yako, rangi ya zumaridi, pana ajabu. Kila mtu husimama hapo. Simama nawe, ila vuta breki ya mkono na uweke jiwe nyuma ya gurudumu.

Hesabu yako ya mafanikio ni spea mbili nzima bado ziko juu ya gari.

### Vipi kuhusu Sibiloi?

Hifadhi ya Taifa ya Sibiloi iko kaskazini zaidi, ufukweni, na ndiko kuliko Koobi Fora, mahali palipochimbuliwa mabaki ya binadamu wa kale. Msiende kwa gari moja. Ongezeni siku tatu, mafuta na maji ya siku hizo tatu, na mtu wa North Horr anayeijua njia akae kiti cha mbele. Kama hii ni safari yenu ya kwanza, iacheni.

## Hatua ya 7: Loiyangalani

Kaa siku nzima, gari lipoe nawe upoe. Mji ni mdogo, una mikoche, chemchemi, na mchanganyiko wa Waturkana, Wasamburu, Warendille na Waelmolo. "Ejok" kwa Mturkana na "supa" kwa Msamburu vitakufungulia zaidi ya noti. Kwa picha, ombeni kwanza na mpatane bei kabla ya kubofya, si baada.

Upepo wa hapa ni jambo la kupangia. Huvuma usiku kucha hadi asubuhi. Hema lifungwe kwenye gari na kwenye mawe, vigingi peke yake havitoshi. Milango ya gari ifunguliwe mmoja mmoja. Nimeuona mlango wa Land Cruiser ukikunjwa kinyume kama jani.

Ziwani kuna mamba wengi. Msiogelee kwa sababu tu watoto wa kijiji wako majini. Wao wanajua mahali. Maji yenyewe yana magadi, hayafai kuwa akiba ya kunywa.

## Hatua ya 8: Kurudi

Kuna njia mbili. Ya South Horr, Baragoi na Maralal ina milima mizuri, lakini maeneo ya Baragoi huwa na wizi wa mifugo wa kutumia bunduki. Iulize Loiyangalani kwa polisi na kwa madereva, asubuhi ileile ya kuondoka. Habari za juzi ni za zamani.

Ya pili inapita kwenye mitambo ya umeme wa upepo, 365, imesimama kama msitu wa nguzo nyeupe. Mradi huo ulitengeneza kilomita 208 za barabara kutoka Laisamis ili kupitisha mitambo yake, na hiyo ndiyo njia ninayompa mgeni. Imeanza kuchakaa sehemu kadhaa, ila hailingani na mlikotoka. Hatari yake ni raha: dereva aliyechoka huona njia pana akakanyaga mafuta, na changarawe humteleza kwenye kona.

Laisamis, kabla ya kukanyaga lami, simama mara ya mwisho. Jaza upepo hadi kiwango kilichoandikwa kwenye mlango wa dereva kwa gari lililopakiwa. Tairi la PSI 28 kwa mwendo wa 100 hupata moto na kupasuka. Kaza nati zote, safisha ea klina kwa upepo wa pampu, na angalia springi kama kuna jani, yaani bamba lake la chuma, lililovunjika.

Mtandao hapo upo. Mpigie yule uliyemwachia ratiba, kabla hujatuma picha kwa mtu mwingine yeyote.